Uliza Ujibiwe: Ukiitwa kwenye Baraza la Haki za Binadamu kwa ulichosema

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu, kwamba Kanada ilikosea kuyapa mabaraza yake ya haki za binadamu kazi ya kupima maneno ya watu. Basi meseji zikamiminika, wengine wananipongeza, wengine wanauliza nimelipwa na nani. Sijalipwa jamani, hata hii safu yenyewe malipo yake mnayajua. Nimechagua maswali sita na nimeyafupisha, maana kuna mmoja aliandika kurasa tatu kabla hajafika kwenye swali.

Mwalimu shikamoo. Nina miezi nane huku Kanada, nasikia mara tume mara baraza mara mahakama, hivi ni kitu kimoja? Na anayehukumu ni jaji kweli? (Mgeni, Winnipeg)

Marahaba mwanangu, karibu kwenye baridi. Si kitu kimoja. Kwenye serikali kuu, Tume ndiyo inapokea lalamiko na kulichunguza, ikiona lina mashiko inalipeleka kwa Baraza, na Baraza ndilo linasikiliza pande mbili na kuamua. Majimboni kila jimbo lina sheria yake, Ontario na British Columbia kwa mfano siku hizi unafungua lalamiko barazani moja kwa moja. Anayeketi pale kwa kawaida si jaji, ni mjumbe aliyeteuliwa na serikali. Na si kesi ya jinai, kwa hiyo ushahidi hautakiwi uondoe shaka yote, inatosha ionekane jambo lina uwezekano mkubwa kuwa lilitokea kuliko kutotokea, na zile kanuni kali za ushahidi za mahakamani zimelegezwa makusudi.

Zililegezwa kwa sababu nzuri tu. Ontario ilitunga sheria yake mwaka 1962, serikali kuu ikafuata 1977, na shida iliyokuwa kichwani kwao ni mwenye nyumba anayekwambia chumba kimeshachukuliwa kumbe ameona rangi yako, au bosi anayekutoa kazini kwa sababu ya dini yako. Mtu wa namna hiyo hana hela ya wakili, basi wakamtengenezea mlango mwepesi. Mi sina ugomvi na huo mlango hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba wakaja kupitisha humo humo na mambo ya mtu kaandika nini gazetini, kaposti nini mtandaoni, na hayo mambo hayafanani. Chumba ulimnyima mtu au hukumnyima, kuna meseji, kuna shahidi, kuna aliyepewa badala yake. Maneno utayapimaje? Unaishia kukisia msomaji ambaye hayupo pale atahisi nini akisoma.

Naskia eti kwenye hayo mabaraza hata ukisema ukweli haukusaidii. Hii si ni chumvi za watu? (Asiyeamini, Calgary)

Si chumvi. Sheria ya serikali kuu ilikuwa na kifungu cha 13, kilikataza kutuma kwa njia ya simu ujumbe ambao yumkini utawafanya watu wachukiwe au wadharauliwe kwa sababu ya asili yao, dini yao na kadhalika. Angalia hilo neno yumkini. Hakuna haja ya kuonyesha kuna mtu kweli alichukiwa, wala kwamba ulikusudia, na ukisema "lakini nilichosema ni kweli" hiyo haikuwa kinga. Sasa linganisha na sheria ya jinai ya hukohuko Kanada, kosa la kueneza chuki kwa makusudi, ilivyokuwa wakati huohuo: kifungo hadi miaka 2, lakini makusudi lazima yathibitishwe, ukweli ni utetezi, na Mwanasheria Mkuu lazima aridhie ndipo ushtakiwe. Yaani anayekabiliwa na jela ana ngao kibao, anayekabiliwa na "baraza tu" hana hata moja kati ya hizo. Mi hilo ndilo lilinifanya nianze kufuatilia haya mambo.

Simu ilikujaje? Miaka ya 70 kulikuwa na bwana anaitwa John Ross Taylor na chama chake Western Guard pale Toronto, walikuwa wanagawa namba, ukipiga unasikia ujumbe uliorekodiwa wa kuwatukana Wayahudi. Kifungu kilikuwa kama kimeshonwa kwa ajili yake. Baraza likamwamuru aache mwaka 1979, hakuacha, mwisho akafungwa mwaka mmoja kwa kudharau amri. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Desemba 1990 kwamba kifungu kiko sawa na katiba, majaji 4 kwa 3. Kura moja! Halafu 2001, kwenye ile sheria ya kupambana na ugaidi iliyotungwa haraka baada ya Septemba 11, wakaongeza intaneti waziwazi, na kifungu kilichoshonwa kwa mashine moja ya simu ya mbaguzi mmoja kikawa kinamhusu kila mwenye kompyuta nchi nzima.

Asalaam aleikum. Mwalimu nimekusoma nikaumia. Sisi Waislamu tuliandikwa kwenye jarida la Maclean's kama vile tunakuja kuimeza dunia, tulichorewa Mtume, na watoto wetu wakasikia maneno shuleni. Tulipokwenda kwenye tume tukaonekana ndio wabaya. Wewe unawatetea waliotutukana? (Baba wa watoto watatu, Mississauga)

Waaleikum salaam kaka yangu. Barua yako nimeisoma mara nne na sitakujibu kwa mkato, maana ndiyo barua ngumu kuliko zote.

Kwanza tukumbushane ilivyokuwa kwa ajili ya wasiojua. Oktoba 2006 Maclean's walichapa makala ya mwandishi Mark Steyn, hoja yake kwa kifupi Ulaya inazeeka, Waislamu ni vijana na wanazaana, kwa hiyo mambo yatageuka. Mi niliisoma na naiona makala ya kuchochea, inawaweka watu zaidi ya bilioni moja kwenye kapu moja. Wanafunzi wa sheria Waislamu wakamwendea mhariri wakitaka nafasi ya kujibu, wakakataliwa, na mwishoni mwa 2007 jumuiya ya Canadian Islamic Congress wakafungua malalamiko sehemu tatu kwa mpigo: serikali kuu, Ontario na British Columbia. Hapo hapo shida ya kwanza ikajionyesha, makala moja, milango mitatu, na mlalamikiwa inabidi awe na mawakili kwenye yote mitatu.

Matokeo yake? Ontario ilisema haina mamlaka ya kusikiliza, halafu, na hapa ndipo mimi nilishika kichwa, ikatoa tamko la kuilaani makala ile. Yaani hatuwezi kukusikiliza ila una hatia. Serikali kuu wakalitupa Juni 2008. British Columbia wao wakakaa siku 5 pale Vancouver mwezi huohuo, wakaleta watu wa kueleza mambo ya kejeli na lugha na hisia, na Oktoba wakalitupa. Tatu kwa sifuri. Na gazeti likaibuka shujaa, Steyn akapata wasomaji ambao asingewapata kwa makala yake tu.

Ezra Levant vilevile. Jarida lake la Western Standard lilichapa zile katuni za Denmark za kumchora Mtume Februari 2006, imamu mmoja wa Calgary akamlalamikia kwenye tume ya Alberta. Januari 2008, karibu miaka miwili baadaye, ndio anaitwa kuhojiwa na afisa wa tume, mama wa watu mpole kabisa, anamuuliza nia yako ya kuchapa ilikuwa nini. Levant akarekodi yote akaiweka YouTube na watu wakaitazama kwa malaki. Mi simpendi Levant sana, anapenda kelele, ila lile swali lilikuwa zito: tangu lini ofisa wa serikali anamuuliza mhariri nia yake? Mwezi uliofuata imamu mwenyewe akaondoa lalamiko, akasema ameona Wakanada wengi wanalichukulia kama suala la uhuru wa kusema. Lalamiko la pili, la jumuiya za Waislamu wa Edmonton, likatupwa Agosti 2008. Levant alisema zilimtoka kama dola 100,000. Hakushindwa kesi hata moja na pesa hazikurudi.

Sasa nakujia wewe kaka. Kuumia kwako ni halali na mi sikuombi ucheke. Lakini nikuulize, ulipata nini? Hukupata nafasi ya kujibu, hukupata kuombwa radhi, mtoto wako hakupata amani shuleni, na mjadala ukahama kutoka "Steyn kasema uongo gani" kwenda "Waislamu wanataka kutufunga midomo". Ambalo ndilo hasa Steyn alikuwa anasema! Hoja ya idadi ya watoto wanaozaliwa ni hoja ya hesabu, inajibika kwa hesabu, kiwango cha uzazi kinashuka pia kwa wahamiaji wakikaa vizazi viwili, hiyo ndiyo makala iliyotakiwa kuandikwa kwenye gazeti lolote ambalo lingekubali, na yalikuwepo.

Halafu fikiria chombo hicho kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Mwalimu wa madrasa akitafsiri aya ambayo jirani yake hapendi, mchungaji akisema anachoamini kuhusu ndoa. Alberta mchungaji aliandika barua kwenye gazeti la Red Deer mwaka 2002 kuwapinga mashoga, barua kali, mi nisingeiandika, tume ikamwamuru alipe dola 5,000 na asiseme tena maneno ya kuwadhalilisha maisha yake yote. Mahakama ikaja kufuta mwaka 2009, na rufani 2012 ikakubaliana nayo. Miaka 10 tangu barua! Mtu kaandika barua ana mtoto mchanga, anamaliza kesi mtoto yuko darasa la nne.

Hizo pesa na hiyo miaka ndizo zinazonisumbua kuliko hukumu zenyewe, maana mlalamikaji halipi kitu, kwenye kesi za serikali kuu mawakili wa tume ndio walikuwa wanabeba mzigo, na mlalamikiwa akishinda hakuna kurudishiwa gharama, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2011 baraza la serikali kuu halina uwezo wa kuamuru hilo. Gazeti kubwa linamudu. Kajarida ka wahamiaji kenye wafanyakazi wawili kataona barua ya tume na kufuta makala siku hiyohiyo, na wewe na mimi hatutajua kamwe iliandika nini.

Mambo vipi ticha. Mimi nachekesha jukwaani wikiendi, Kifaransa na Kiswahili, nagusa vilema, wazungu, wakwe, kila mtu. Naweza kuburuzwa? (Mchekeshaji chipukizi, Montreal)

Poa. Unaweza kuburuzwa, ndiyo, ila baada ya 2021 una unafuu mkubwa.

Kesi yako ya kuijua ni ya Mike Ward. Huyu ni mchekeshaji maarufu wa Quebec, kati ya 2010 na 2013 alikuwa anamtania Jérémy Gabriel, kijana aliyezaliwa na ugonjwa wa Treacher Collins unaoathiri uso na masikio, na ambaye alijulikana kwa kuimba, mpaka mbele ya Papa aliimba. Utani wenyewe ulikuwa mbaya, Ward alisema alidhani mtoto anakaribia kufa kwa hiyo akawa anamtetea, kumbe hafi, akajaribu kumzamisha. Huyo kijana alikuwa shuleni wakati huo na wenzake walikuwa wanamrudishia hayo maneno usoni. Nikikumbuka hapo hata mimi mtetezi wa midomo ya watu napoa.

Baraza la Quebec 2016 likamwamuru Ward alipe dola 35,000 kwa kijana na 7,000 kwa mama yake. Mahakama ya Rufani 2019 ikaondoa ya mama ikaacha ya mtoto. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ikafuta yote, majaji 5 kwa 4. Walisema si ubaguzi kwa maana ya sheria, Ward alimchagua kwa sababu ni mtu maarufu, na utani ule, hata kama unachukiza, haukuwaambia watu wamtendee kama asiye binadamu. Wale wanne waliopinga walisema mtoto mlemavu ana haki ya kutodhalilishwa vile na umaarufu haumwondolei hiyo haki. Nimesoma pande zote na nakubaliana na watano, lakini ukiniamsha usiku nikiwa na usingizi naweza kukupa jibu la wanne.

Ila usijiachie. Guy Earle alikuwa MC kwenye mgahawa Vancouver 2007, akagombana na wateja wawili wanawake wapenzi, akawatukana kuanzia jukwaani mpaka chini ya jukwaa kwa sababu ya jinsi walivyo. Baraza 2011 likamtaka alipe dola 15,000, na mwenye mgahawa 7,500, na mahakama 2013 ikaunga mkono. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wateja waliokuja kula, ni huduma, na alichofanya ni kumwandama mtu, utani uliishia njiani. Kwa hiyo wakwe zako tania tu. Mteja wa meza ya tatu anayekuangalia vibaya, usimfuate mezani.

Hicho kifungu cha 13 si walishakifuta? Sasa tunapiga kelele za nini? (Mvivu wa kusoma, Ottawa)

Umejiita mwenyewe. Walikifuta, lakini hadithi yake ni ndefu kidogo. Tume yenyewe ilipoona kelele za 2008 ilimpa kazi profesa Richard Moon wa Chuo Kikuu cha Windsor aiangalie sheria, wengi tulitegemea atapaka rangi tu, yeye Novemba 2008 akasema kifuteni, mambo ya chuki iliyokithiri yaende kwenye jinai. Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya Marc Lemire, bwana aliyelalamikiwa kwa kifungu hicho hicho, mjumbe wa baraza lenyewe alikataa kukitumia akasema zile faini (hadi dola 10,000, ziliongezwa 1998) zimekifanya kifanane na jinai na hivyo kinagongana na katiba. Mbunge Brian Storseth akaleta muswada binafsi, Bunge likapitisha Juni 2012 kwa kura 153 kwa 136, ikawa sheria Juni 2013 na kuanza kazi mwaka mmoja baadaye. Kichekesho ni kwamba mapema 2014 Mahakama ya Rufani ya serikali kuu ilisema kifungu kilikuwa halali muda wote. Kikahuishwa kikiwa kitandani kinakata roho.

Lakini majimboni vifungu vya namna hiyo vipo bado. Saskatchewan kulikuwa na bwana Bill Whatcott anasambaza vipeperushi dhidi ya mashoga, Februari 2013 Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikafuta maneno ya "kukejeli, kushusha na kugusa utu", ikaacha neno "chuki" peke yake kwa maana ya chuki iliyopindukia, na vipeperushi viwili kati ya vinne vikaonekana vimevuka. Huo ndio mstari wa leo: kuudhi ruhusa, kumfanya mtu aonekane mdudu hapana. Ni bora kuliko ulivyokuwa, ila bado mstari unachorwa na mjumbe mmoja baada ya tukio.

Na kelele ni kwa sababu kinarudirudi. Mwaka 2021 walijaribu na muswada ukafa uchaguzi ulipoitishwa. Februari 2024 wakaleta muswada C-63, humo ndani kifungu cha 13 kimerudi, fidia hadi dola 20,000 kwa aliyelengwa na hadi 50,000 kwenda serikalini. Kweli safari hii waliandika kwamba kutompenda mtu au kumdharau tu haitoshi, na naipongeza hiyo sentensi. Huo nao ukafa Januari 2025 Bunge liliposimamishwa. Mara mbili. Nani kasema hakuna wa tatu?

Mwalimu, nyie wanaume mnaongea mambo ya magazeti. Mimi nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa, nilipowaambia nina mimba zamu zikapungua wiki hiyohiyo, mwezi wa pili nikaachishwa. Rafiki yangu anasema niende kwenye baraza, mwingine amekusoma wewe anasema mabaraza hayafai. Nifanyeje? (Mama kijacho, Hamilton)

Dada nisamehe, na huyo wa pili mwambie hakunisoma vizuri. Alan Borovoy, mwanasheria aliyepigania kuanzishwa kwa hizi tume Kanada, alikuja kusema yeye na wenzake hawakuwahi kufikiria zingetumika dhidi ya uhuru wa kusema. Na hakusema zivunjwe. Alizipigania kwa ajili ya mtu kama wewe hasa.

Kwa hiyo nenda. Mgahawa unafuata sheria ya jimbo, kwa hiyo ni Baraza la Ontario, usijaze fomu ya serikali kuu ukapoteza miezi. Mimba inahesabika kama ubaguzi wa jinsia, huna haja ya kuthibitisha kwamba walikuchukia, inatosha mimba iwe mojawapo ya sababu. Kusanya ratiba za zamu za kabla na za baada ya siku uliyowaambia, meseji zote za meneja usifute hata moja, na andika leo leo kwenye daftari nani alisema nini tarehe ngapi kabla hujasahau. Ontario kuna kituo cha msaada wa kisheria kwa kesi hizi hizi na hawatozi hela, wapigie. Na una mwaka mmoja tu tangu tukio la mwisho, sio tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo anza kuhesabu kuanzia ile siku uliyoachishwa.